Wiki Alizozikata Mkasi

Pale kazini hakuna aliyemwita mwanamke yule kwa jina lake. Walimwita Mkasi, na wala si kwa siri. Hata mkandarasi aliyemwajiri alikuwa akipaza sauti kutoka ndani ya gari, "Mkasi, lete ratiba!" naye akaitika bila kinyongo, tena akitabasamu. Kazi yake ilikuwa kupanga ratiba ya ujenzi: nani aanze lini, nani amalize lini, nani amsubiri nani. Na muda wowote alioombwa, yeye aliukata.

Si kwamba alikuwa mkorofi. Tuseme ukweli, mafundi wenyewe ndio waliomzoesha. Ukimuuliza fundi umeme kazi yake itachukua muda gani, kama ni wiki moja atakwambia mbili, tena kwa uso mkavu, huku anaapa. Fundi bomba ndiye kabisa, alikuwa akitia chumvi mpaka mwenyewe anasahau kazi ilikuwa ya ukubwa gani. Walijua Mkasi atakata nusu, kwa hiyo walileta mara mbili. Mkasi naye alijua wameleta mara mbili, kwa hiyo alikata nusu. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kulitamka jambo hili, na majengo yalisimama.

Tena akishakata, fundi alitakiwa apige kelele. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kazi. Fundi umeme alishika kichwa na kuuliza amemkosea nini. Fundi bomba alivua kofia akaitupa sakafuni, akasema basi, anaacha ufundi, anarudi kulima. Mkasi alicheka, akarudisha siku moja au mbili, wakaagana vizuri. Kelele hizo ndizo zilizomwonyesha amefika wapi, kama mtu anayekata nyama: fundi akilalamika kidogo, bado kuna mafuta, akilalamika sana, umegusa mfupa. Fundi asiyesema kitu hakuwahi kumwona.

Mpaka alipompata shemeji yake.

Shemeji alikuwa mume wa mdogo wake, fundi rangi, mtu wa maneno mengi na sauti mbaya ya kuimba. Nyumbani kwake akiingia bafuni mtaa mzima unajua ni wimbo gani. Akikaa na watu ni mizaha mwanzo mwisho, na Mkasi alikuwa wa kwanza kutaniwa. "Karibu shemeji, lakini leo usikate chakula nusu," alikuwa akimwambia kila akifika, na wote wakacheka. Kazi zake zilikuwa za hapa na pale, nyumba moja leo, duka moja mwezi ujao. Kwa hiyo mkandarasi alipopata kazi ya kujenga bweni la shule ya wasichana, Mkasi akapiga moyo konde, akamwombea shemeji yake nafasi. Hakuwa na mazoea ya kuombea ndugu. Alisema, "Huyu namjua, kazi yake safi," na mkandarasi akakubali kwa sababu ni yeye aliyesema.

Siku ya kupanga ratiba, mafundi waliingia ofisini mmojammoja. Ofisi yenyewe ilikuwa kontena lililokatwa dirisha, lina meza, viti viwili vya plastiki na feni inayozunguka inapotaka. Fundi umeme alikuja akalia, akatoka. Fundi bomba akaja, kofia ikaenda sakafuni, akaiokota, akatoka. Kisha akaingia shemeji, amevaa shati la kwendea harusini, akakaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kiti ni cha mtu.

"Haya shemeji," Mkasi akasema, macho kwenye kompyuta. "Rangi ya bweni zima, ndani na nje. Unataka muda gani?"

"Mwezi," akasema. "Plasta iachwe wiki tatu ikauke vizuri, si unaona mvua hizi. Kupaka kwenyewe ni wiki moja."

Mkasi hakuinua hata macho. Mwezi, kichwani mwake, maana yake ni wiki mbili. Kwenye ratiba akaushika mstari wa njano, ndio siku za fundi rangi, akaurudisha nyuma hadi ukaishia kabla ya siku ya kufungua shule, tarehe ambayo mkandarasi alikwisha kumwahidi mkuu wa shule. Ukakaa sawasawa, kana kwamba nafasi hiyo ilikuwa ikiusubiri. Akamgeuzia kompyuta aone.

"Nimekupa wiki mbili. Unasemaje?"

Akasubiri kelele.

Shemeji aliutazama ule mstari. Akafungua mdomo, akaufunga. Yule mtu asiyekosa neno, mtu anayejibizana na redio, akakaa kimya kama maji mtungini. Mkasi alikuja kuuelewa baadaye ukimya ule, tena vibaya sana. Shemeji alikuwa akimwonea haya. Ni dada wa mkewe, ndiye aliyemtafutia kazi, na mtu hawezi kuanza siku ya kwanza kwa kubishana na mkono uliomvuta. Lakini siku ile Mkasi aliusoma kwa kipimo chake kilekile cha siku zote. Hakulalamika, basi mafuta bado yapo.

"Wewe ndiye mwenye ratiba, shemeji," fundi rangi akasema mwishowe. "Nitajitahidi."

Ratiba ikachapishwa, ikabandikwa ukutani, mistari ya rangi tofauti, kila fundi na rangi yake. Mkasi aliipenda sana ratiba ile. Aliwahi hata kuipiga picha.

Plasta ilipokwisha, mvua hazikwisha. Siku shemeji alipotakiwa kuanza, alikuja mlangoni pa ofisi, hakuingia. Alikuwa amesimama na kiganja wazi, kimelowa kidogo, kana kwamba anataka kumwonyesha kitu.

"Shemeji, ukuta bado mbichi. Hasa ule wa upande wa mabafu. Ukiweka mkono unasikia baridi."

Mkasi alikuwa na simu sikioni, mkandarasi upande wa pili anauliza kama rangi imeanza. Akaifunika kwa mkono. Na hapo ndipo alipolisema lile neno ambalo baadaye lilimnyima raha hata mezani, lile ambalo angetoa chochote alimeze tena.

"Shemeji, mimi ndiye niliyekuleta hapa. Tafadhali usiniangushe mbele za watu."

Shemeji akakunja kiganja. "Haya," akasema. Asubuhi ileile makopo yakafunguliwa.

Bweni lilimalizika kwa tarehe. Lilipendeza, rangi ya maziwa juu, kijani chini, wazazi walioleta mabinti zao wakalisifu. Mkandarasi akamtaja Mkasi kuwa mfano mbele ya wenzake. Wasichana wakaingia na masanduku yao na ndoo zao.

Muda si muda kuta zikaanza kuvimba. Kwanza upande wa mabafu, kisha kila mahali, malengelenge makubwa kama ya mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto. Wasichana wakafanya mchezo wa kuyatoboa kwa kalamu. Maji yakatoka, rangi ikabanduka vipande vipande, ikawa inadondoka vitandani.

Mkuu wa shule alikuja mwenyewe kwenye lile kontena. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ndogo, na sauti hiyo ndogo ndiyo iliyotisha.

"Wanafunzi wangu wanaamka na rangi kwenye nywele," akasema. "Nataka kujua nani amefanya kazi hii."

Mkandarasi aliita watu wote. Fundi umeme, fundi bomba, shemeji, wakasimama ukutani kwa sababu viti havikutosha. Mkandarasi alikuwa na haraka ya kumpa yule mama mtu mmoja aende naye. Akamnyooshea shemeji kidole, kisha akageuka.

"Mkasi, niambie wewe. Ratiba ilimpa muda au haikumpa?"

Aliona macho yote yamemgeukia, ya mkuu wa shule, ya mkandarasi, ya mafundi aliowakata miaka na miaka. Hakumtazama shemeji. Kama angemtazama labda angesema vingine.

"Ratiba ilikubaliwa na wote," akasema. "Na yeye alikubali."

Kila neno lilikuwa kweli. Hilo ndilo lililokuwa baya. Angesema uongo, labda mtu angemkamata, na mambo yangeishia pale pale. Lakini alisema kweli, akaipanga vizuri kama anavyopanga mistari yake, ikamtoa yeye na kumbakiza mwenzake ndani.

"Ni kweli," shemeji akasema polepole. "Nilikubali."

Akafukuzwa pale pale. Akabeba ngazi zake mwenyewe, moja bega hili, moja bega lile, akapita getini. Mkandarasi akaongeza kwamba atawaambia na wenzake wasimpe kazi mtu yule, na Mkasi akajitia kutafuta kitu kwenye droo.

Jumapili akaenda kwa mdogo wake kama kawaida. Alitamani asiende, lakini kutokwenda kungekuwa sawa na kusema. Njiani alinunua matunda, akayaona mengi mno, akajua mwenyewe kwa nini amenunua mengi hivyo.

"Shikamoo dada," mdogo wake akampokea, akamvuta moja kwa moja mpaka jikoni, akafunga mlango. Macho yalikuwa yamevimba. "Dada, sijui hata nikuombe vipi msamaha."

"Msamaha wa nini tena?"

"Kwa alichokufanyia huyu mtu. Wewe umembeba mgongoni, umemwombea kazi, halafu anakwenda kulipua kazi ya watu na kukutia aibu. Nimemsema mpaka nimechoka. Nimemwambia, kama hukunionea huruma mimi, ungemwonea dada yangu. Unajua amenijibu nini? Hajanijibu. Ameinamisha kichwa tu."

Mkasi alielewa papo hapo: shemeji hakumwambia mkewe. Wala juu ya ule mwezi alioomba, wala juu ya kiganja kilicholowa, wala juu ya neno alilojibiwa mlangoni. Amekaa ndani ya nyumba yake, anasemwa na mkewe, na amenyamaza.

Wakati huo ndio ulikuwa wa kusema. Mlango umefungwa, wako wawili, ndugu wa tumbo moja. Mkasi akafungua mdomo. Kilichotoka ni, "Usimseme sana. Mambo haya hutokea." Na mdogo wake akamkumbatia, akamwambia ana roho nzuri mno. Hapo Mkasi alijichukia kama hajawahi kujichukia maishani.

Shemeji alikuwa uani anaosha brashi ambazo tayari zilikuwa safi. "Karibu shemeji," akasema, akainuka kidogo kwa heshima. Hakumtania juu ya chakula. Binti yake mdogo akaja kuegemea magoti ya Mkasi, akamnong'oneza, "Mama mkubwa, baba siku hizi haimbi," na Mkasi akamwambia vizuri, basi mtaa utapumzika, halafu akajisikia vibaya kwa mzaha huo.

Alipoaga, shemeji akainuka kumsindikiza. Penye kona ya duka, Mkasi akashindwa kuvumilia.

"Kwa nini hukumwambia mkeo?"

"Nimwambie nini? Nimgombanishe na dada yake kwa ajili ya rangi?" Akapiga kijiwe teke. "Atanuna, itapita. Mimi ananijua, nimezoea kusemwa."

Wakaendelea kidogo. Kisha shemeji akasimama.

"Ila kuna kitu nilitaka kukuuliza, shemeji, usinielewe vibaya. Nilikwambia mwezi. Ulidhani nakudanganya?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu, jambo limemkaa kichwani na hajapata jibu. Mkasi angemwambiaje? Kwamba wote hudanganya? Kwamba hapo ofisini neno la fundi halisikilizwi, linagawanywa tu kwa mbili? Alimjua mtu huyu toka siku ya posa, alijua hawezi kudanganya hata kwenye karata. Na bado alimkata bila hata kuinua macho.

"Sikudhani kitu," akasema, na hiyo ilikuwa kweli nyingine tena ya kumtia aibu. Hakudhani kabisa.

Kesho yake alfajiri alimsubiri mkandarasi getini. Hakumpa hata nafasi ya kuzima gari.

"Bosi, bweni ni kosa langu. Fundi rangi aliomba mwezi, nikampa wiki mbili. Akaja kuniambia ukuta mbichi, nikamlazimisha. Nilikudanganya siku ile."

Mkandarasi alimtazama, akakuna kidevu. "Hukunidanganya. Ulisema alikubali."

"Nilisema hivyo ili msiniulize zaidi."

"Mkasi, jambo limeshakwisha. Yule mama ametulia. Unataka kujipalia makaa ya nini?"

"Hajatulia. Hajui ukweli tu. Na wewe umesema utawaambia wenzako wasimpe kazi."

Walibishana mpaka mafundi wakaanza kuingia getini. Mwishowe mkandarasi akapiga usukani kwa kiganja, akasema haya, kama anataka kuumbuka ataumbuka mbele ya watu wote, wala yeye hatamsaidia. Akawaita tena: mkuu wa shule, mafundi, na shemeji aliyekuja na shati lake lilelile la harusi, akidhani anaitwa kuongezewa lawama.

Mkasi alisimama akasema yote. Hakupunguza. Alipofika kwenye lile neno la mlangoni, akalisema lilivyo. "Aliomba muda wa kweli, mimi nikaukata kama ninavyowakata wote. Kisha mlipouliza, nikamtupia mzigo. Naomba radhi kwako mama mkuu, na kwa shemeji yangu zaidi."

Mkuu wa shule hakusamehe haraka, na hakuwa na sababu ya kufanya hivyo. Alisema wakati wa likizo kuta zikwanguliwe zote, zipakwe upya na fundi yuleyule, safari hii apewe muda wake, na gharama isimfikie yeye wala fundi. Mkandarasi akakubali akiwa amenuna. Mkasi alifikiri sasa atapumua.

Ndipo fundi bomba akamgeukia shemeji, mshangao umemjaa usoni.

"Yaani wewe bwana, ulihitaji mwezi ukasema mwezi?"

"Ndiyo," shemeji akasema. "Ningesemaje?"

Fundi umeme akaanza kucheka, cheko la kweli, la mtu aliyeguswa na jambo. "Jamani! Unaongeza, ndugu yangu! Unataja mara mbili, Mkasi anakata, unapiga kelele kidogo, unabaki na chako. Wote tunafanya hivyo. Hata yeye anajua. Hukuambiwa?"

Hata mkandarasi akacheka. Kontena zima lilicheka, bila ubaya wowote, walimpiga shemeji begani, wakamwita mgeni, wakamwambia sasa amepata elimu. Shemeji naye alicheka kidogo ili asiharibu. Lakini Mkasi aliuona uso wake. Alimgeukia yeye, akamtazama, na Mkasi akajua anachofikiri. Amejibiwa lile swali la kwenye kona ya duka.

Bweni lilipakwa upya wakati wa likizo, na hadi leo rangi haijatoka. Jina la shemeji likasafishwa. Mdogo wake Mkasi aliposikia ukweli alinuna wiki kadhaa, hakupokea simu, kisha akapokea. Shemeji akarudia kuimba bafuni, kwa bahati mbaya ya majirani. Mtu wa nje angesema mambo yamekaa sawa.

Shule ikataka bwalo la kulia chakula, na kazi akapata mkandarasi yuleyule. Mafundi wakaitwa tena kwenye kontena. Fundi umeme akalia, fundi bomba akatupa kofia. Mkasi alikata, lakini mkono ulikuwa mzito, na alipocheka alijisikia anaigiza.

Shemeji akaingia. Safari hii alikaa kwenye kiti chote.

"Haya shemeji," Mkasi akasema, na kompyuta akaisukuma kando. Alimtazama usoni. "Bwalo ni ukubwa ule ule wa bweni. Unataka muda gani?"

"Miezi miwili."

Alilitamka neno hilo kwa uso mkavu. Kisha akashika kichwa mapema, kabla hajakatwa, maana alikuwa bado hajajua kelele zinakuja wakati gani.

Mkasi alihisi machozi yamemfika machoni. Akafunga mlango wa kontena, akarudi, akakaa.

"Shemeji, sikiliza. Na mimi sikati tena kwako, nakuapia. Hata siku moja. Niambie tu muda wa kweli."

Shemeji akashusha mikono. Akamtazama kwa upole uleule aliokuwa nao siku zote, upole wa mtu asiyemwekea mwenzake kinyongo. Akafikiri kidogo.

"Miezi miwili," akasema.

Mkasi akauvuta ule mstari wa njano, akauandika miezi miwili kamili. Alijua si kweli, na alijua nani aliyemfundisha.